Mto Uliotoka kwa Mama Yake

Mama,

Ni mimi, Nekesa wako. Nakuandikia kutoka Bur Dubai, katika chumba changu nyuma ya jiko la watu.

Kaka Wafula aliponipigia simu nilikuwa nakata vitunguu. Akasema umetuacha. Madam akaingia, akaniuliza kuna nini. Kiingereza chote kikanipotea, Mama, na Kiswahili yeye hajui. Nikashika neno ambalo mtoto wao humwita nalo kila asubuhi. Nikamwambia, "Mare. Mare wangu." Akazima jiko, akaketi nami sakafuni.

Madam ni wa Barcelona, na kwa Kikatalani chao mare ni mama.

Nilitaka kuja kukuzika. Pasipoti ilikuwa ofisini kwa ajili ya viza mpya, na ilipotoka zilikuwa zimepita siku nne tangu uzikwe. Sijui walikuvalisha gauni gani. Siwezi kuuliza.

Ijumaa moja mume wa Madam, Sir, akajaribu kunichangamsha. Yeye ni Mfaransa. Akasema kwao neno mare, likiandikwa hivyohivyo, ni dimbwi, maji yaliyotuama. Lililetwa zamani na watu wa kaskazini ya Ulaya, na kwa hao lilikuwa bahari. La Madam limetoka Kilatini. Hayana undugu wowote, yamefanana sura tu. Nikacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Nilikuona kando ya dimbwi la ng'ombe kule Kitale, ukinisugua miguu kwa jiwe: "Mtoto wangu haendi shule na matope." Jiwe lile liliuma. Leo ningekupa miguu yote miwili.

Ndipo Madam akasema, polepole, kwamba kwao mare pia ni njia ya mto, pale chini maji yanapopita. Mto ukifurika, watu husema umetoka kwa mama yake.

Nikaenda bafuni, nikafunga mlango. Miaka mitatu, Mama. Kila mwaka nilikuambia nitakuja mwakani, nawe ukajibu, "Haya, mwanangu." Hukunilaumu hata siku moja. Afadhali ungenilaumu.

Wafula amenitumia video ya mazishi. Sijaifungua, na sitaifungua. Desemba nina likizo, na tiketi ninayo. Nitakuja mwenyewe, nivue viatu, niketi hapo ulipo nilie mpaka nitosheke. Kisha nitang'oa magugu.

Lala, Mama. Safari hii sisemi mwakani.

Nekesa