Baba, Nimeung'oa Msumari Wako

Baba,

Nakuandikia kutoka Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, mahali ulipokuwa ukipaita "kule kwa wenye magari." Nimekaa jikoni kwa Eliya, mdogo wangu, na msumari wako uko mezani karibu na kikombe changu. Jana niliung'oa kwenye ukuta wa nyumba yetu ya East Side, mjini Buffalo. Haukutoka kwa urahisi. Uliupigilia kama mtu asiyekusudia kuhama tena maishani. Nilikamata koleo kwa mikono miwili, nikaweka mguu ukutani, nikavuta.

Barua hii naiandika mbele ya watu kwa sababu wako wengi waliokujua kwa sauti tu. Wa Louisville, wa Columbus na wetu wa Buffalo walikusikia kila asubuhi kwenye simu ya maombi, na wengine hawakuwahi kukuona uso. Wao wanajua ulivyoomba. Nataka wajue pia ulivyosimama.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda viwandani na kwenye maghala, wote tulipiga namba moja tukakutana humo. Dada yako, Shangazi Domina, ndiye aliyefungua kutoka Louisville, na kabla ya wimbo wa kwanza alituita miji kwa miji kama mwalimu wa zamu.

"Columbus, muko?"

"Tuko, Tante!"

"Na Buffalo? Buffalo mungali munalala?"

"Buffalo hailale, Domina," ulimjibu. "Baridi ndiyo inatuamsha."

Utani huo ulirudiwa kila siku, na kila siku watu walicheka. Nikiwa mtoto nilidhani ni sehemu ya liturujia.

Lakini jikoni kwetu simu haikushika mtandao, rezo kama Mama alivyouita. Mnara ulikuwa ng'ambo ya Bailey Avenue, na katikati palikuwa na jengo refu la matofali, hivyo nyumba yetu ilikaa kivulini. Ukaleta maboksi kutoka ghalani ulikofanya kazi, ukayafunua yakawa mapana, ukayavalisha karatasi ya alumini, ile ya kufungia nyama, kisha ukayaegemeza kwenye uzio wa nyuma. Uliyasogeza kidole kwa kidole ukiwa nje na koti lako la kijivu, na Mama alikuwa ndani, simu mkononi, akipiga kelele dirishani.

"Rezo imekuya! Imekuya! Ah, imeenda. Rudisha kushoto! Kushoto ya kwangu, si ya kwako!"

Ulipopata mahali pake ukaweka mawe yasisogee. Ukaniambia mawimbi ni kama maji ya kunyweshea ng'ombe kule kwetu milimani: huwezi kuyalazimisha, unayafanyia njia tu. Nilikusikia. Sikukusikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, Baba. Wanafunzi wenzangu walipita na basi la shule, wakaona uzio wetu uking'aa, na mmoja akaniuliza kama kwetu tunaongea na watu wa mwezini. Siku hiyo hiyo nilirudi nikayang'oa yote, nikayakunja, nikayatupa kwenye pipa. Ulipotoka kazini nikakuambia, kwa sauti ya mtu aliyepata alama nzuri za fizikia, "Baba, simu haifanyi kazi hivyo."

Ulinitazama. "Bon," ukasema. "Inafanyaje?"

Jibu lake nimelitafuta miaka kumi.

Baada ya hapo rezo ilibaki mahali pamoja tu ndani ya nyumba, sehemu pana kama sinia, kwenye ukuta chini ya ngazi. Ukapigilia msumari. Ukaifunga simu kwa kamba ya kiatu, ukaitundika, ukafungua spika, na asubuhi ukasimama mbele yake, mkono mmoja ukutani, bila kusogea hata hatua. Nikishuka kujiandaa kwenda shule nilikuta mgongo wako. Ndiyo picha niliyobaki nayo ya maombi: mgongo wa mtu aliyetulia. Niliipenda. Wenzangu walisimulia baba zao wakipiga kelele na kuzunguka chumba kizima, nami nilijiambia kwamba baba yangu ni tofauti, ana utulivu wa ndani.

Sasa nikuambie ninachofanya Columbus, maana ulizoea kuwaambia watu kwamba "anasoma mambo ya simu" kisha unabadilisha mazungumzo. Mnara unarusha mawimbi. Kuta, chuma na vioo vinayazuia au kuyatupa ovyo. Wahandisi waliotutangulia walijibu kwa kuongeza nguvu, au kwa kujenga mnara mwingine. Sisi tunaufundisha ukuta. Bamba langu, la kufungwa ukutani, lina ukubwa wa mlango, limejaa vipande vya shaba vidogo kama stempu, kila kimoja na swichi yake. Kila kipande kinalichelewesha wimbi kiasi fulani kabla ya kulirudisha, na vikipangwa sawasawa, mawimbi yote yanayorudi yanafika mahali pamoja kwa wakati mmoja, yakisaidiana. Bamba halina sauti yake lenyewe. Linaelekeza iliyopo. Mitandao itakayokuja baada ya hii tunayotumia itakuwa na mawimbi mafupi zaidi, yanayoshindwa na ukuta mapema zaidi, na itazihitaji kuta za namna hii. Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Nimepima.

Mara ya kwanza mwalimu wangu aliponionyesha mchoro wa bamba kama hilo, nilicheka peke yangu darasani. Niliuona uzio wetu.

Tangu utuache, misimu miwili ya baridi iliyopita, Mama ndiye aliyechukua nafasi yako kwenye msumari. Yeye ndiye aliyejibu "Tuko" kwa niaba ya Buffalo yote. Mwaka huu, asubuhi moja, magoti yalimwangusha akishuka ngazi kuifuata simu. Kule Louisville, Shangazi akaita Buffalo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Akawaambia watu, "Mama Neema hawezi kukosa. Iko kitu," akakata wimbo katikati, akampigia Eliya. Eliya alimkuta chini ya ngazi, mguu umevimba, akiimba wimbo ule ule akiwa sakafuni ili asisinzie.

Eliya akamleta huku kwake, akampa chumba cha nyuma kisicho na ngazi. Chumba kizuri. Lakini nyumba hii ilikarabatiwa ili kuzuia baridi: kuta zina karatasi ya chuma ndani, na vioo vimepakwa utando mwembamba wa chuma usioonekana. Joto halitoki, na mawimbi hayaingii. Mama aliinua simu yake ya vitufe juu, akaishusha, akaielekeza kila pembe.

"Rezo haiko," akasema. "Mguu ukipona, ninarudia kwangu."

Eliya akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kuna wifi na atamnunulia simu nyingine.

"Nirudie shule sasa, na umri huu? Simu yangu ninaijua. Donc, sikia: hapa nikianguka, nani atajua?"

"Mimi niko hapa, Mama!"

"Weye saa kumi na moja uko kazini. Domina ndiye alijua. Domina iko Louisville, na alijua mbele yako."

Mama alinigeukia mimi, niliyekuwa nimefika kumtazama mwisho wa juma. "Huyu iko anasoma miaka yote. Bon, alete rezo. Ikikuya, ninabaki."

Nilijua alichokuwa akisema. Bila rezo angerudi East Side peke yake, kwenye ngazi zile zile, na kuanguka kwa pili hakuna anayekuahidi kutaishia na mguu kuvimba.

Nilikubali bila wasiwasi. Chumba chake kina dirisha moja la zamani ambalo fundi hakulibadilisha, lisilo na utando, linalotazama gereji. Ukuta wa gereji unauona mnara. Hesabu ilikuwa nzuri mno, karibu nicheke. Mwalimu wangu akaniruhusu kulichukua bamba, nikaendesha kutoka Columbus nikiwa nimelifunika kwa blanketi, na jioni ile ile Eliya na mimi tukalifunga kwenye gereji. Nikaelekeza mawimbi yote kwenye kiti cha Mama karibu na kitanda. Nikaweka simu juu ya kiti. Ilishika kama iko chini ya mnara.

Asubuhi, siku ambayo Eliya hakwenda kazini, Shangazi akaita. "Buffalo?"

"Tuko!" Mama akajibu akiwa kitini, na nikamwona Eliya akinikonyeza. Kisha maombi yakaanza, Mama akasimama na simu yake mkononi, akaanza kutembea, kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani, na sauti ya Shangazi ikawa vipande vipande.

"Buffalo, munapotea! Buff... muko wapi?"

"Mama, rudi kwenye kiti!" nikasema.

"Juu ya nini nikae kitini? Niko naomba, siko nakunywa chai."

"Basi simama hapo hapo. Kule East Side ulikuwa unasimama."

"Kule kulikuwa msumari. Hapa hakuna msumari."

"Baba alisimama miaka yote. Hakusogea hata hatua."

Mama akaiweka simu kitandani, ikiendelea kukoroma. "Baba yako?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mtoto wake mwenyewe. "Baba yako alitembea tangu ujana. Kule milimani alimaliza majani ya nyuma ya kanisa kwa miguu. Na hapa Buffalo, kutoka kwa jiko mupaka mlango, mlango mupaka jiko, mimi nikipika namwambia, papa, utanikanyaga. Hukumbuke?"

Nilijaribu. Nilikuwa mtoto anayelala hadi dakika ya mwisho. Nilikumbuka mbao za sakafu zikilia chini yangu asubuhi, na sikuwahi kujiuliza zililia kwa nini.

"Alisimama siku ile ulitupa makaratasi yake," Mama akasema.

"Kwa nini hakuyarudisha?"

"Nilimwambia arudishe. Akakataa. Akasema, 'Nikirudisha, mutoto ataona haya kurudia nyumbani. Mi nitasimama.'"

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya gereji chini ya bamba langu. Kwa miaka minne, Baba, katika kila hesabu niliyoandika, mtu mwenye simu ametulia mahali pamoja. Wengine katika fani yetu hufanya hivyo kurahisisha kazi. Mimi sikuona kama ninarahisisha kitu. Nilidhani ndivyo mtu anavyokuwa akiwa na jambo kubwa la kusema: anasimama, anatulia, anauelekea ukuta. Wazo hilo nililitoa mgongoni mwako, na mgongo huo ni mimi niliyeuweka pale.

Nililia, sitakudanganya. Sikulia sana, kwa sababu nilikuwa tayari nimeona la kufanya.

Nilirudi Columbus nikamwambia mwalimu wangu kwamba sura ya tatu ya tasnifu yangu inamhusu mtu asiyekuwepo, na kwamba nitaiandika upya. Nikatengeneza visikizi vinne vidogo kama viberiti. Vinakaa kwenye pembe za chumba, vinaisikiliza simu yenyewe na kuliambia bamba ilipo. Bamba linajipanga upya, swichi moja moja, haraka kuliko hatua ya mtu. Usiniombe niseme lilikubali mara ya kwanza. Mara ya kwanza lilimfuata Mama vizuri hadi mlangoni, likamwacha hapo likawa linakihudumia kitasa. Mama alicheka hadi akashika mguu wake. "Rezo yako inaomba na mlango!"

Nililirekebisha. Juzi asubuhi nilikaa uani na koti lako la kijivu, kompyuta magotini. Dirishani nilimwona Mama akiinuka. Kwenye skrini yangu mwanga mdogo unaoonyesha mawimbi yalikokusanyika ukainuka naye, ukaenda mlangoni, ukageuka, ukarudi dirishani, ukageuka tena.

"Buffalo leo munasikika sana," nilimsikia Shangazi akisema kwenye spika. "Muko wapi?"

"Niko natembea, Domina."

Kisha Shangazi akasema, polepole, "Kama kaka." Na mara hiyo hiyo, kwa sauti yake ya kila siku: "Na Louisville, sisi si watu? Ukumbi wetu wa chini hauna rezo hata kidogo. Neema alete na kwetu!"

Nitapeleka. Nikishatetea tasnifu, kituo cha kwanza ni Louisville.

Mama amebaki. Jana tulikwenda kuchukua vitu vyake vya mwisho, nami nikaung'oa msumari nikidhani nitaupigilia kwenye chumba chake kipya, hata kama hauna kazi, ili uwepo. Nilikuwa nimeshainua nyundo. Mama alinishika mkono.

"Usipigilie," akasema. "Baba yako amesimama ya kutosha."

Kwa hiyo nautia mfukoni, nakwenda nao Columbus. Hauko kwenye ukuta wowote tena. Uliniuliza simu inafanyaje, na leo naweza kukujibu: inafanya kama ulivyofanya wewe, inafanyiwa njia. Nilikosea. Makaratasi yako yalikuwa sahihi.

Kulikucha zamani, Mama anagonga ukuta niende chumbani kwake. Nakuaga, Baba. Tembea sasa.

Neema,
binti yako wa kwanza, anayerudi nyumbani bila kuona haya