Kofia ya Mechi Tuliyoshindwa

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu nyingi kutoka Mji wa Kale. Sote tu wazima, alhamdulillahi, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, mlizi kama wewe.

Umeniuliza kwa nini babu yako ametundika ukutani kofia ya mechi waliyoshindwa.

Miaka ya tisini klabu yao ya kriketi ilipokea timu ya Waingereza. Adhuhuri tukawapakulia biriani, na kwetu sahani ya mgeni ikipungua huongezwa. Wao, maskini, waliona kukataa ni utovu wa adabu. Alasiri hata kukimbia hawakuweza. Tukashinda, tukapewa kikombe.

Wenzake walishangilia, lakini babu yako, nahodha wao, alinuna. "Mgeni hashindwi kwa sufuria," akasema. "Kesho tucheze tena, chakula kiwe baada ya mechi."

Kesho yake tulishindwa. Nahodha wa wageni alivua kofia yake, akamvika babu yako. Biriani ililiwa mpaka ukoko.

Kile kikombe nacho unakijua. Ndicho babu yako anachotilia miswaki yake.

Nyanya yako akupendaye,
Bi Mwanajuma