Udongo Ulioniagiza

Mdogo wangu Rehema,

Mwangaluka, ndivyo tunavyoamkiana huku. Tumbo linaendeleaje?

Niko Sapiwi, huku Usukumani, tunapima sumu kwenye ghala bovu lililokuwa la dawa za wadudu wa pamba. Dawa zilivuja miaka mingi, kuta za tope zikazinywa. Jana nilikuwa nakwangua sampuli ukutani, nimevaa glavu na barakoa, nikaona matundu yenye alama za kucha. Kugeuka, mama mmoja jirani, mjamzito kama wewe, amesimama anatafuna udongo wa ukuta huo.

"Wa hapa unanukia," akaniambia. "Sote tukiwa na mimba tunachukua hapa."

Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, hiyo ni sumu. Tema."

Akaacha kutafuna. Akanitazama, kisha akameza, maana aliona aibu kutema mbele ya mgeni.

"Na niliokwisha kula?" akauliza. Nilimsindikiza zahanati.

Ule udongo wa Usukumani ulioniagiza sikuletei. Nitakuletea karanga. Nakuombea ujifungue salama. Na huo unaonunua sokoni, hujui umechimbwa wapi. Ukiwa nao mdomoni sasa hivi, hata kama una mgeni, uteme.

Dada yako