Picha Zilizokaa Darini na Mbegu

Magamba,
Lushoto.
Jumapili, 18 Agosti 2024.

Mpendwa wifi yangu Raheli,

Pokea salamu zetu za huku mlimani, nazo ni salamu za baridi, maana Julai ilitupiga na Agosti bado haijatuachia. Hali yako? Shemeji mguu wake unaendeleaje, ule alioteguka shambani? Na huyo binti yako aliyetuletea mjukuu, maziwa yanatoka? Mwambie anywe uji wa moto, asione haya kula. Mzazi mpya akionea haya chakula, mtoto ndiye anayelia.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mama anakohoa asubuhi, ila jua likishatoka anajikongoja mwenyewe na kigoda chake, anakaa ukutani upande wa jikoni. Kaka yako Kristian yupo, bado anafanya kibarua cha miche kule kitaluni. Loveness yuko Tanga na kazi yake. Mimi ni magoti tu. Kabichi zimefunga vizuri mwaka huu, ungeziona ungefurahi.

Najua umeshtuka kupata barua wakati simu zipo. Wifi, nimejaribu kukupigia mara tatu. Mara zote ukipokea nakuuliza habari za mvua. Umeniambia mvua za Sumbawanga mpaka nimezijua kama za hapa. Hili jambo haliwezi kutoka mdomoni kwangu, ningelia na salio likaisha. Nimeona bora nikae na kalamu. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, vumilia.

Ni habari ya picha ya baba.

Uliponipigia mwezi uliopita ukaniambia mtoto ameitwa Tobia, nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Ukasema, "Wifi, nitumie picha ya baba, nataka mtoto akikua amjue aliyempa jina." Nami nikakujibu ipo, salama kabisa. Nilikujibu hivyo kwa moyo mweupe, sikuwa nadanganya. Niliamini hivyo.

Naikumbuka siku uliyoniachia. Ulikuwa unahama, mizigo iko juu ya gari, ukaitoa kwenye Biblia yako ukanipa. Ukasema huko unakokwenda hujui utalala wapi, na hapa ndipo nyumbani. Tena ukasema baba alikufa una miaka mitatu, humkumbuki hata sauti, uso wake unaujua kwa hiyo picha peke yake. Neno hilo sijalisahau. Kwa hiyo sikuichezea, wifi. Niliitunza kupita kiasi, na huko kutunza ndiko kulikoiharibu.

Unajua nyumba zetu hizi na ukungu wa Magamba. Masika ya mwaka juzi unyevu uliingia mpaka ndani ya sanduku. Picha zetu za kwaya, ambazo nilikuwa nimeziweka kwenye bahasha, zikaota kuvu kama mkate uliolala. Nikaogopa sana. Nikajiuliza, hapa kwetu ni kitu gani hakiozi? Nikaona ni mbegu. Mahindi ya mbegu yanakaa darini juu ya moto mwaka mzima, hayaoti kuvu wala dumuzi hawayagusi, moshi unayalinda. Nikajiona nina akili. Nikachukua ule mkebe wa biskuti, nikapanga picha zote, nikaufunga na kamba, nikaupandisha darini katikati ya mahindi. Mama akaniona, akacheka. Akasema, "Umewaanika wazee wote?" Nikamjibu, mama, na hao si mbegu yetu? Tukacheka wote wawili.

Tena kuna jambo jingine nililolifanya. Picha ya baba niliiweka uso kwa uso na ya mtoto wangu Alen, wakatazamana, ili bati lisije likawakwaruza nyuso. Alen unamkumbuka. Ile picha ni ya siku ya ubatizo, amekaa kwenye kiti na gauni jeupe, mkono ameunyoosha mbele kama anaomba kitu. Miezi mitatu baada ya hapo homa ikamchukua. Hakuna nyingine. Mwaka ule mpiga picha alipita kanisani mara moja tu.

Basi siku ile ulipokata simu nikapanda darini nikaushusha mkebe. Ulikuwa mweusi kwa masizi, wa moto kama mtoto mwenye homa. Nikafungua. Picha zote zilikuwa zimeshikana, bonge moja. Moto wa chini na unyevu wa masika vimezipika, sijui. Nikajaribu kutenganisha kwa kucha. Ile ya kwaya ikatoka bila vichwa. Nikaacha. Nikakaa pale chini ya dari na lile bonge mapajani mpaka uji ukaungua.

Kaka yako aliporudi nikamwonyesha. Alilishika, akaligeuza, akasema "Haya." Akatoka nje akaanza kupasua kuni, na kuni tulikuwa nazo zimejaa mpaka mlangoni. Ningeona heri anigombeze.

Loveness naye nilimwambia kwa simu. Akasema, "Mama, Krismasi si nilikuomba?" Kweli aliomba. Alikuja na simu yake akasema, mama shusha ule mkebe nizipige picha zote, zitakaa huku hata nyumba ikiungua. Nikamkatalia. Niliogopa atawarusha wazee kwenye status, watu wasiowajua wawaangalie, waweke vile vikatuni vya kucheka. Nikamwambia wafu hawachezewi. Akasema basi mama, yaishe. Yakaisha.

Jumanne nikashuka Lushoto. Karibu na stendi kuna kijana anaitwa Shabani, anapiga picha za pasipoti na kusafisha za zamani. Nikafungua kitambaa nikamwekea mezani. Akaangalia akasema, "Mama, hii ni picha au mshikaki?" Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi machozi yakanitoka palepale. Yule kijana akaona haya, akafunga mlango, akanipa kiti. Akaniambia nisamehe mama yangu, mdomo wangu huu utaniua.

Akafanya kazi vizuri, siwezi kumlaumu. Alizilowesha na kuzipitishia kijiti mojamoja. Ya harusi yetu imetoka nusu, mimi nipo, kaka yako amebaki suruali na viatu. Ya shangazi imekufa. Alipofika kwa baba na Alen akasimama. Akasema hizi mbili zimeungana uso kwa uso, haziachani. Anachoweza ni kulowesha moja kwa nyuma na kuikwangua pole pole mpaka iishe yote, ndipo ya chini yake ionekane. Moja itabaki, moja itakwisha.

Akaniuliza, "Mama, nikuokolee yupi?"

Nikamwambia chagua wewe. Akasema, "Hapana mama. Mimi siwajui hao."

Wifi, nilizifunga kwenye kitambaa nikapanda gari nikarudi nazo nyumbani. Ziko hapa kabatini, mbali na moto. Kila nikipita nafungua kabati naangalia, kama vile zitakuwa zimeachana zenyewe. Kwa nje huoni kitu, ni migongo miwili tu ya karatasi yenye masizi.

Nikafikiri, basi nimpate baba kwa maneno. Nikanunua daftari, nikakaa na mama pale ukutani, nikamwambia mama niambie baba alikuwaje nimwandikie Raheli. Akaanza vizuri sana. Akasema picha ile alipigwa Bulwa, wakati akifanya kazi kwenye kiwanda cha majani ya chai, na ile kofia iliyo kichwani ilikuwa yake kweli, hakuazima. Akasema aliileta picha nyumbani ndani ya kofia hiyohiyo isije ikakunjika, akashuka lori Mombo akapanda mlima kwa miguu, kichwa hakigeuki kushoto wala kulia, watu wakidhani shingo inamuuma. Tulicheka! Kesho yake nikamuuliza tena niandike vizuri, akasema aliileta ndani ya gunia la chai, na kofia ilikuwa ya msimamizi. Keshokutwa yake akaniuliza, "Mgosi yupi unayemtaka?" kama vile hajapata kuwa na mume. Nimeandika zote mbili, ya kofia na ya gunia. Sijui ipi ni ya kweli. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi ya kumuuliza wakati kichwa chake ni kizima, nami nilikuwa napalilia tu.

Nilipomuuliza uso wa baba ulikuwaje, akasogeza kigoda chake juani. Akasema, "Alikuwa kama Kristian, ila yeye alikuwa anacheka."

Sasa wifi, sijui nifanye nini. Baba ni wako, na mjukuu amebeba jina lake, na mimi ndiye niliyepewa kutunza. Ningekuwa mtu mwenye haki ningesema moja kwa moja, okoa ya baba. Nafungua mdomo, neno halitoki. Nisamehe. Ukikasirika una haki. Ukinyamaza mwezi mzima pia nitaelewa. Naomba tu usiniambie si kitu, maana ni kitu.

Salamu nyingi kwa shemeji, kwa binti yako, na huyo Tobia mdogo mbusu kisigino kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, leo asubuhi alikutaja kwa jina bila kukumbushwa. Kaka yako anakusalimu. Loveness anasema Shikamoo shangazi. Wanawake wa jumuiya wote wanakuulizia, hata Latifa jirani, ambaye ingawa si wa kanisani kwetu kila wiki anauliza utakuja lini.

Bwana awafunike huko mliko, njaa na homa zipite mbali na mlango wenu, na mtoto akue mpaka amzidi babu yake urefu.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, mwenye aibu,

Dorkasi (Mama Loveness).

Nyongeza, Jumatano.

Barua hii imekaa hapa siku tatu, nangojea Efrazia wa jumuiya yetu anayesafiri wiki hii hadi Mbeya, amesema ataipeleka posta kulekule ifike upesi. Nimeona nikuongezee haya.

Jana mama aliniona nimesimama mbele ya kabati. Akaniambia nilete nilichoshika. Nikampa. Akapapasa huku na huku kwa kidole gumba, akauliza ni akina nani. Nikamwambia, baba na Alen, wameshikana. Jana kichwa chake kilikuwa kizima kama zamani. Akasema, "Uso wa mgosi ninao mimi, nikiondoka naondoka nao. Wa Alen unao wewe, bado una nguvu. Raheli ana wa nani?"

Leo asubuhi nimeshuka kwa Shabani nikamwambia okoa mwenye kofia. Akaniuliza mara mbili, una hakika mama? Nikamwambia mtoto wangu nimemkariri, hanipotei. Amesema nirudi Ijumaa. Loveness ataipiga kwa simu siku hiyohiyo, nimemruhusu, aitume kwako na popote anapotaka. Picha yenyewe itakuja kwa mkono wa mtu.

Wifi, nitakuambia wewe peke yako, mama asijue. Si kweli kwamba nimemkariri. Nikifumba macho naiona ile picha, yeye mwenyewe simwoni. Na kuanzia Ijumaa sijui nitaona nini.

Wewe ndiye uliyembeba siku ile ya ubatizo, mimi nilikuwa nimeshika vyombo vya karamu. Kama kuna chochote chake unachokumbuka, alivyocheka, alivyokuwa mzito, alichokuwa akikiomba kwa ule mkono, niandikie. Hata kikiwa kidogo. Daftari bado lina kurasa nyingi.

Na picha ya baba ikifika, Shabani amesema huenda kitabaki kidoa cheupe karibu na kofia, hawezi kukiondoa bila kumgusa mzee. Ukikiona usikisugue, na mtoto akikua akakuuliza, usimwambie ni kuvu. Ni vidole vya Alen.