Akina Mama Wasio na Kazi

Dada Chebet,

Hamjambo huko Nakuru? Ulisema nitarudi na daftari tupu kwa kuogopa watu. Sasa soma!

Leo hapa Merigi, kwenye kituo cha kupimia majani chai, niliwauliza akina mama kazi zao kwa ajili ya mradi wangu wa Jiografia. "Sina kazi, mtoto wangu," akajibu wa kwanza, kikapu kimejaa mgongoni. "Nachuma tu." Wengine wakajibu vivyo hivyo. Nikajikaza: "Sasa lori linakuja kubeba nini?"

Wakacheka mpaka karani akaacha mizani. "Haya, andika mkulima!" akasema yule mama. "Na mshonaji. Na muuza maziwa!" Wakanipangia foleni. Nimeandika mpaka kwenye jalada.

Mkumbatie Mama. Mwulize kazi yake, na usikubali jibu la kwanza.

Ndugu yako,
Kiprono