Neno Refu Kwenye Cheti Chako

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo
Jumapili asubuhi

Mpendwa mpwa wangu Sindano,

Hujambo, mama? Mikono inaendeleaje, na cherehani bado inanguruma? Sisi huku tu wazima. Mke wangu anakusalimu kwa kelele kama kawaida yake. Nadhani umemsikia hadi huko.

Watu wengi hukosea kudhani kwamba ugonjwa wenye jina refu ni ugonjwa wa kufa. Nawe umeingia mkumbo huohuo. Mama yako amenipigia simu akilia: tangu upewe cheti cha kliniki hujarudi kuchukua dawa, na sasa umeanza kugawa vitambaa vyako.

"Kaka, neno lenyewe halimaliziki! Mtu anapona kweli hapo?"

Nikamwomba anisomee taratibu. Hipothairoidizimu. Nilicheka kwa furaha mpaka akanikasirikia.

Sindano, wewe uliyejifunza ushonaji kwa kununua makoti makuukuu na kuyafumua mshono kwa mshono, neno ndilo likushinde? Lifumue. "Hipo" ni Kigiriki, maana yake chini. "Thairoidi" ni "mfano wa ngao": waganga wa kale waliona gegedu, ule mfupa laini wa mbele ya koo, lina umbo la ngao, na tezi iliyo jirani nalo ikarithi jina. "Izimu" ni hali tu, kama pindo mwishoni mwa nguo. Basi neno zima linasema tezi yako ya shingoni inafanya kazi chini ya kiwango. Ndiyo maana unasinzia juu ya cherehani na kuvaa sweta jua likiwaka.

Nilipomfumulia hivyohivyo mama yako kwenye simu, akasema, "Yaani tezi tu imekuwa mvivu? Na mimi nimelia siku nne!" Akacheka hadi simu ikamponyoka.

Sikwambii upuuze. Ukiiacha itakuchosha zaidi, hata moyo utaumia. Lakini dawa ipo, kidonge kila siku. Kwa miaka yangu thelathini ya kazi ya maabara nimewaona wanaokimeza wakizeeka vizuri, wakigombana na wajukuu.

Mke wangu anasema kile kitambaa cha maua usimpe mtu, ni chake. Nisalimie mama yako, na baba yako anayejifanya hakuogopa. Mungu akurudishie nguvu zako na vicheko vyako.

Siku hiyohiyo utakayoipata barua hii, kabla kliniki haijafungwa, nenda ukachukue vidonge vyako.

Mjomba wako,
asiyechoka kukueleza wala kukupenda