Fimbo Sita za Fundi Seremala: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura cha Kamati ya Shule

TAREHE: Jumamosi, 14 Machi, saa 4:00 asubuhi
MAHALI: Darasa la Tatu. (Ofisi ilikuwa imefungwa. Mwalimu Mkuu alisema hajui ufunguo uko wapi.)

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, karani mstaafu wa posta
2. Mwalimu Mkuu
3. Fundi Seremala, mzazi
4. Muuguzi wa zahanati, mzazi
5. Mwenye Duka, mzazi
6. Mzazi wa darasa la saba
7. Mama Vifungo, fundi cherehani na mzazi, Katibu

ASIYEHUDHURIA
Mwalimu wa Nidhamu. Hakutoa udhuru.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:25 na kuwaomba wajumbe wazungumze kwa hekima. Alimwangalia Fundi Seremala peke yake.

KUMB. NA. 2: KUUMIA KWA MWANAFUNZI
Mwalimu Mkuu alisoma daftari la adhabu. Humo iliandikwa kwamba Jumatatu binti wa Fundi Seremala, darasa la sita, alichelewa dakika kumi, akaonywa, kisha "akateleza kwenye ngazi na kuumia kidole".

Muuguzi alieleza kwamba yeye ndiye aliyemhudumia mtoto huyo. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjika, na alama ya fimbo ilikuwa wazi juu yavyo. Aliuliza ni ngazi ipi. Wajumbe walikumbushana kwamba shule hii haina ghorofa wala ngazi, hata moja. Mwalimu Mkuu alikohoa.

Mwenyekiti alielekeza kwamba habari ya ngazi isiandikwe. Katibu alijibu kwamba ameshaiandika.

KUMB. NA. 3: HOJA YA KUPIGA MARUFUKU VIBOKO
Fundi Seremala alikumbusha kwamba kwa miaka minane, kila muhula, mchango wake kwa shule umekuwa fimbo sita, zilizopigwa msasa vizuri ili zisimchome mtoto vibanzi. Kamati ilimpongeza mara mbili. Pongezi zote mbili ziliandikwa na Katibu huyuhuyu, na leo anaona aibu.

Alisema fimbo iliyomvunja mwanawe vidole aliitambua kwa fundo la mti lililomshinda kulainisha. "Niliichonga mimi, nikaipiga msasa mimi. Juzi mwanangu kaniuliza, 'Baba, za muhula ujao umeshachonga?' Mnataka nimjibu nini, jamani?" Mtoto amesema harudi shuleni fimbo zikiwapo, na baba yake amesema hatamlazimisha.

Mwenye Duka alisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Fundi Seremala alijibu, "Mimi sikuchelea, ndugu yangu, na nimelia vilevile."

Mwalimu Mkuu alieleza kwamba darasa moja lina watoto tisini na mwalimu mmoja. Bila fimbo watampanda kichwani. Alisema yeye mwenyewe alichapwa sana na ndiyo maana amekuwa mtu. Muuguzi alikubali kwamba tisini ni wengi. "Basi twende wote tukadai walimu, nitatangulia mimi. Lakini usinivunjie watoto vidole kwa sababu umekosa mwalimu."

KUMB. NA. 4: KURA
Mwenyekiti alisema Katibu kazi yake ni kuandika tu. Katibu alijibu kwamba yeye pia ni mzazi, na mkono unaoandika unaweza kunyooshwa. Aliunyoosha.

Waliotaka viboko vipigwe marufuku: watatu (Fundi Seremala, Muuguzi, Katibu). Waliokataa: watatu (Mwalimu Mkuu, Mwenye Duka, Mzazi wa darasa la saba). Mwenyekiti alipiga kura yake ya uamuzi, na viboko vikabaki.

KUMB. NA. 5: MENGINEYO
Mwenyekiti alisema uamuzi ni uamuzi, na kwamba Kamati inategemea fimbo za muhula ujao kama kawaida.

Fundi Seremala alisimama, akaenda kwenye kabati la darasa na kutoa fimbo zote sita za muhula huu. Alizivunja gotini, moja baada ya nyingine, bila haraka. Ile yenye fundo ilikataa, akaiegemeza ukutani na kuikanyaga kwa buti mpaka ikakatika.

Mwalimu Mkuu alipaza sauti kwamba hiyo ni mali ya shule na kwamba lazima iandikwe imeharibikaje.

Fundi Seremala alimgeukia Katibu. "Andika, Mama Vifungo. Zimeteleza kwenye ngazi."

Katibu ameandika.

KUMB. NA. 6: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 6:10 mchana. Mwenyekiti aliondoka kwanza. Vipande vya fimbo vilizolewa na Muuguzi na Katibu.

MWENYEKITI: ........................
(Amesema atatia saini maneno ya ngazi yakiondolewa.)

KATIBU: Mama Vifungo (saini)
(Hayaondolewi.)